Shemeji anakuja Krismasi, na mume wangu anataka tumchinje Kibibi

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia usiku, watoto wamelala. Sijui kama swali langu linafaa kwenye safu yako, maana naona wenzangu wanakuletea mambo ya ndoa na mirathi. Langu linahusu sungura. Lakini limeshaingia mpaka chumbani: leo siku ya nne mimi na mume wangu hatusemezani zaidi ya "chakula tayari" na "nimeshiba".

Tunaishi Morogoro. Mimi nashona nguo nyumbani, mume wangu ni fundi umeme. Tuna kijana wa miaka 13 na binti wa miaka 7. Miaka mitatu iliyopita mume wangu alisikia habari za ufugaji wa sungura kwa mkataba. Kampuni inakuuzia majike na dume, inakuuzia na mabanda, halafu inaahidi kuja kununua kwa kilo watoto wote watakaozaliwa. Hesabu waliyotuandikia kwenye karatasi ilikuwa tamu sana. Mimi nikakopa kikoba, yeye akatoa akiba yake yote, na mama mkwe kule Songea akauza ng'ombe wake mmoja akatutumia fedha. Sungura walizaa kama tulivyoambiwa, wakafika 43. Siku ya kuja kuwachukua, hakuna aliyekuja. Simu iliita wiki mbili bila kupokelewa, kisha ikawa haipatikani kabisa. Tulipokwenda ofisini tulikuta kufuli, na watu wengine kama sisi wamekaa chini ya mwembe.

Wengine tuliwauza kwa bei ya kutupa, wengine tukawala, wengine wakafa kwa kuhara. Akabaki jike mmoja mweupe mwenye masikio ya kijivu. Hakupata mteja kwa sababu alikuwa amekonda na ana kidonda kwenye unyayo. Binti yangu akawa anamchumia majani.

Mwaka uliofuata mama mkwe alikuja kwetu kutibiwa. Alikaa miezi minne, akilala chumba kimoja na binti. Akarudi Songea, na haukupita mwezi akafariki. Tulikwenda kuzika, binti tukamwacha kwa jirani kwa kuwa alikuwa na miaka mitano tu. Tuliporudi akauliza bibi anakuja lini. Mume wangu akamjibu, "Bibi bado yuko Songea, anapumzika." Nami nikaacha hivyo hivyo. Ni kipindi hicho binti alipoanza kumwingiza sungura ndani na kumwita Kibibi. Nadhani ni kwa ajili ya ile ngozi iliyokunjamana chini ya kidevu chake, maana akitulia anafanana na bibi kizee aliyejifunga kanga shingoni.

Sasa Kibibi ni mtu wa nyumba hii. Asubuhi nikivuta kiti cha cherehani anakuja kulala pembeni ya pedeli, juu ya vipande vya vitambaa. Ukimsugua kipaji cha uso anasaga meno taratibu, kisauti kidogo kama mtu anayetafuna mchele mbichi. Lori la taka likipita anapiga mguu wa nyuma sakafuni, pu, na sisi wote tunainua vichwa. Binti akitoka shule anakaa naye mkekani anamsimulia yote, na huyu ni mtoto ambaye mwalimu wake aliniambia darasani haongei. Chakula anakula chetu: ugali, wali, mkate na chai ya maziwa, karoti. Kijana ndiye anayempeleka kulala usiku kwenye banda la zamani la kampuni, ukumbi wa nyuma, humbeba kwa masikio kama walivyotufundisha.

Sasa kaka mkubwa wa mume wangu anakuja na mkewe kula Krismasi, mara ya kwanza tangu msiba. Jumapili mume wangu akasema, "Kabla kaka hajafika, yule sungura achinjwe. Siwezi kumpokea kaka yangu huku kitoweo kimelala sebuleni." Nikamuuliza, na mtoto je? Akasema, "Mwambie ametoroka." Ni kweli majirani wananiita Mama Sungura, na kijiweni humuuliza mume wangu kama mke mdogo hajambo. Lakini si mkatili, Shangazi. Usiku akirudi kazini humega mkate wake akamwekea chini ya meza, hajui kwamba namwona.

Na juu ya hayo, tangu jana Kibibi hali. Anausogelea mkate, anaugusa, anauacha. Mate yanamlowesha kidevu. Choo chake kimekuwa kidogo kama punje za uwele. Jirani ameniambia nimpe amoksilini ya maji ya watoto iliyobaki kabatini. Mume wangu anasema, unaona, atakufa bure, heri tumchinje angali na nyama.

Je, ni ujinga kumpenda mnyama hivi? Nimsikilize nani?

Mama Cherehani, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nilianza kuisoma kwa utaratibu, nilipofika kwenye mate kidevuni nikaiweka chini nikakupigia simu. Wasomaji wengine hawakuwepo kwenye simu ile, kwa hiyo naanza na yale niliyokuambia, kwa sababu najua wako wenye sungura nyumbani ambao wangelala na tatizo hili wakisubiri kupambazuke.

Sungura akikaa saa 12 bila kula, hiyo ni dharura, sawa na mtoto mchanga anayekataa ziwa. Utumbo wake umeumbwa uwe unasogeza majani mchana na usiku. Ukisimama, gesi inajaa, maumivu yanazidi, na kadiri anavyoumia ndivyo anavyokataa kula. Kutapika hawezi, mwili wake haujaumbiwa hilo. Na hatalia. Kwa asili yeye ni mnyama anayewindwa, mgonjwa akijionyesha analiwa, kwa hiyo ukimwona amejikunyata kona moja na kinyesi kimekuwa punje, jua kwamba ameshaumwa muda mrefu zaidi ya unavyodhani.

Ile amoksilini nilikuomba uifungie kabatini, na hapa naomba kila anayesoma afanye hivyo. Dawa hiyo na ndugu zake wa jamii ya penisilini, sungura akipewa kwa mdomo, huua bakteria wema wanaomsaidia kumeng'enya majani na kuwaachia wabaya nafasi, na sungura anaweza kufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Jirani yako alikuwa na nia njema kabisa. Vivyo hivyo dawa ya matone ya viroboto ya mbwa yenye fipronili: kwa sungura ni sumu. Mnyama huyu ni mdogo lakini ana tabu zake, haponi kwa makisio.

Morogoro mna jambo ambalo wafugaji wa mikoa mingi hawana: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kinachosomesha madaktari wa mifugo wa nchi hii, kiko mjini kwenu. Ulipanda bajaji na kapu, ukampeleka kwa daktari wa mifugo, na jioni ukanieleza alichokikuta. Magego yalikuwa yameota ncha, na ncha hizo zilikuwa zinamchoma ulimi kila alipotafuna. Alipewa dawa ya usingizi, yakasawazishwa, akapewa dawa ya maumivu, ukafundishwa kumlisha uji wa majani kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni ya mdomo, polepole. Siku ya pili akaanza kutoa choo. Nilipopokea ujumbe wako wa "ameshakula ukoka" nilikuwa sokoni, na sikuona haya kushangilia mbele ya watu.

Hilo la magego lazima nilieleze vizuri, kwa sababu chanzo chake ni mapenzi yenu. Meno ya sungura hayaachi kuota maisha yake yote. Ya mbele huota kama milimita mbili kwa wiki. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi zenye nyuzi ngumu, saa nyingi kila siku. Ugali hausagwi, unamezwa. Mkate uliochovywa kwenye chai ndiyo kabisa. Mlimpa Kibibi mnachokula ninyi kwa sababu mlimwona ni mwenzenu, nanyi mkala naye kwa moyo mmoja, na meno yakaendelea kuota kwa miaka miwili bila kitu cha kuyasugua. Wala usijilaumu, kwa kuwa wale waliowauzia walipaswa kuwaambia, na hawakuwaambia.

Basi chakula chake kiwe nyasi, nyasi, na tena nyasi. Ukoka upo kila mahali. Mabingobingo yaliyokatwakatwa ni mazuri, na nyasi zilizokaushwa vizuri, zisizo na ukungu, ziwepo mbele yake usiku kucha. Rundo liwe kubwa kama yeye mwenyewe, kila siku. Juu ya hilo mwongezee konzi ya majani: mashona nguo, matembele, majani ya karoti. Karoti yenyewe ni peremende kwake, kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha, na si kila siku. Majani ya parachichi, ya nyanya na ya viazi mviringo asiyaguse. Msimchumie kando ya barabara wala penye bustani iliyopuliziwa dawa. Na badilisheni polepole, siku kumi hivi, ugali ukipungua na nyasi zikizidi, maana utumbo wake haupendi kushtukizwa. Mkimwona amejiinamia anakula kinyesi laini moja kwa moja kutoka mwilini, msimfukuze na msione kinyaa: ndivyo anavyopata virutubisho ambavyo chakula kilipopita mara ya kwanza havikunyonywa.

Sasa nije kwa mume wako.

Rudia kuisoma barua uliyoniandikia, kwa sababu umeniambia zaidi ya ulivyokusudia. Umesema fedha za mradi zilitoka kwako, kwake, na kwa mama yake aliyeuza ng'ombe. Umesema anayekuja ni kaka yake mkubwa, mtoto wa mama huyo huyo, na hawajaonana tangu msiba. Halafu mwanamume aliyeishi na Kibibi miaka yote hii bila neno, tena anayemmegea mkate usiku, ghafla anasema achinjwe kabla kaka hajafika. Siku ya Krismasi yenyewe hakuitaja. Nyama ingekuwa ndiyo haja yake, angesema achinjwe siku ya sikukuu, mgeni ale.

Mwanangu, kwa mume wako yule sungura ni ushahidi. Amebaki peke yake kati ya 43, na kila masikio yale ya kijivu yanapochungulia chini ya meza, mume wako anaona ng'ombe wa mama yake. Anaona mama alivyouza, na mama alivyokuja kuugua, na mama alivyokufa kabla mtoto hajamrudishia hata shilingi. Kaka naye ataingia sebuleni, ataona sungura, atauliza, "Huyu ndiye yule wa mradi?" Hilo swali ndilo linalomkosesha usingizi. Mwanamume akibanwa na aibu ya namna hii hutafuta kitu cha kuondoa, na kitu kilicho karibu na kisichoweza kujitetea ni Kibibi. Na mnamwita Kibibi! Sidhani kama binti yako alikuwa anaangalia mikunjo ya shingo alipomchagulia jina. Bibi yake aliyelala naye chumba kimoja miezi minne aliondoka, akaambiwa anapumzika, akasubiri. Katika kusubiri akampata mwingine wa kuitwa jina hilo. Mume wako analisikia jina la mama yake likiitwa sebuleni kwake asubuhi na jioni.

Kwa hiyo usiende kwake kumtetea sungura. Ukianza na sungura, atajibu habari za sungura, mtabishana kitoweo mpaka usiku wa manane. Subiri watoto walale, mwandalie chai, mkae kibarazani, umwambie kitu kama hiki: "Baba watoto, ule mradi tuliuingia wote wawili. Karatasi ile niliiona kwa macho yangu nikaiamini, nikakopa. Sijawahi kukuona mjinga. Na mama alitoa ng'ombe wake kwa sababu alikupenda." Halafu unyamaze. Unyamaze kweli, hata kama chai itapoa. Akisema, msikilize. Akinyanyuka akaenda kulala bila neno, mwache, atakuwa amelisikia. Siku inayofuata ndipo umwombe ampigie kaka yake simu kabla hajapanda basi, amweleze mwenyewe mradi uliishaje. Heri kaka asikie kwa simu, kutoka kinywani mwake, wakiwa wawili tu, kuliko aje akisie mbele ya mashemeji na watoto. Nimeona ndugu wengi wakiachana kwa fedha zilizopotea, na mara nyingi kilichowaachanisha ni ukimya uliofuata, maana fedha zenyewe kila mtu alishajua zimekwenda.

Hapo ndipo Kibibi atakapobaki kuwa sungura tu, na habari za kisu zitapungua zenyewe. Zisipopungua, simama imara. Una haki ya kusema "hapana" katika nyumba yako, bila kupaza sauti. Mgeni atapikiwa kuku wa kienyeji, tena kama kazi ya cherehani imekwenda vizuri awe jogoo hasa, na wali wa nazi. Shemeji yako hatalala njaa.

Umeniuliza kama ni ujinga. Hapana, na sikujibu kwa kukufurahisha. Sungura analiwa, mimi mwenyewe nimemla, na sina ugomvi na anayefuga kwa nyama akawatunza vizuri. Waislamu wengi wanamla, Wakristo wengi wanamla, Wasabato wanaacha kwa sababu ya Walawi 11:6. Lakini kwetu sikuzote palikuwa na mnyama asiyeguswa. Bibi yangu alikuwa na mbuzi mmoja mwenye pembe iliyovunjika, alimlea ndani kwa maziwa ya kikombe baada ya mama yake kufa, na mbuzi huyo alizeeka na kufa kwa uzee ilhali wenziwe walichinjwa Pasaka hadi Pasaka. Hakuna mtu kijijini aliyemcheka bibi. Walisema tu, "Huyo ni wa bibi." Kibibi ni wa binti yako. Majirani wakikuita Mama Sungura, itika.

Kidogo kuhusu malazi, kwa kuwa mtu wa nyumbani halali juu ya waya. Lile banda la kampuni lenye sakafu ya wavu ndilo lililomtoboa unyayo. Sungura hana vifuko laini vya nyayo kama paka, ana manyoya tu, na waya unayala. Kijana wako aweke ubao, juu yake nyasi kavu za kutosha, na boksi la mbao lenye tundu ajifiche humo. Wale sungura wa porini wa hadithi zetu, wajanja wanaolala juani kwenye nyasi, ni jamii nyingine; watoto wao huzaliwa na manyoya, macho wazi. Huyu wa kufugwa asili yake ni Hispania na Ureno, huzaliwa uchi na kipofu ndani ya shimo, na mpaka leo moyo wake hutulia akiwa na paa karibu na kichwa. Miguu ya banda isimame kwenye makopo ya maji, mvua zikianza siafu hawabishi hodi. Joto la Desemba chini ya bati mnalijua. Yeye hatoi jasho, hupoza damu kwa masikio, na joto likizidi nyuzi 30 anaweza kuzimia. Gandisha chupa ya maji, ifunge kwa kitenge, iweke pale pembeni ya pedeli, utaona anavyoiegemea. Na masikio si mpini. Kijana aweke mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, amkumbatie. Sungura akininginia hurusha miguu ya nyuma kwa nguvu, na anaweza kuvunja uti wake mwenyewe. Mkirudi kwa daktari, muulizeni pia juu ya kumtoa kizazi, kwa kuwa majike wasiozaa wakivuka miaka minne wengi hupata saratani ya mji wa mimba, naye umri huo hauko mbali.

La mwisho ndilo zito kuliko yote, nami sitaki ulikwepe.

Mume wako alisema, "Mwambie ametoroka." Mtoto huyu alishaambiwa mara moja kwamba bibi anapumzika Songea. Ametulia na jibu hilo miaka miwili. Mnategemea nini Baba Mkubwa atakaposhuka kwenye basi kutoka Songea, na mtoto akamkimbilia, akachungulia nyuma yake? Atauliza bibi amemwacha wapi. Ama mgeni atamjibu kweli stendi mbele ya umati, ama atawaangalia ninyi, na mtoto ataona mnavyoangaliana. Mkiongeza hapo na Kibibi "ametoroka", mtamfundisha kwamba katika nyumba hii anayependwa huondoka bila kuaga, na wakubwa hawasemi kwa nini. Mwalimu amekuambia mtoto haongei darasani. Mimi siwezi kujua yote yaliyo moyoni mwake, ila najua mtoto aliyekaa muda mrefu akisubiri jibu huishia kuacha kuuliza.

Mwambieni kabla ya Krismasi. Ninyi wawili, na baba ndiye aanze, kwa kuwa ni mama yake na ni yeye aliyesema lile neno la kwanza. Chagueni mchana, siku isiyo ya shule. Tumieni neno lenyewe: bibi alikufa. Msiseme amelala, ataogopa kulala. Msiseme amesafiri, ataogopa kila mtu akifungasha begi. Mwambieni mwili wa bibi uliumwa sana, dawa zilishindwa, ukaacha kufanya kazi, hapumui, haumwi tena, amezikwa Songea na siku moja mtampeleka kuona kaburi. Mwambieni mlikosea kumficha. Neno "tulikosea" liko, nimelisikia wazazi wakilisema na hawakupungukiwa kitu. Akiuliza kama Kibibi naye atakufa, mjibu ndiyo, siku moja, ingawa sungura aliyetunzwa anaweza kufika miaka minane hata kumi, na siku hiyo mtamwambia kweli na mtamzika pamoja.

Anaweza kulia, anaweza kukasirika, anaweza kuuliza kama kuna embe. Yote ni sawa. Mwacheni Kibibi awepo pale mkekani, na rundo la ukoka mbele yake, ili mtoto awe na mahali pa kuweka mikono. Mkimaliza kusema msiharakishe kunyanyuka. Kaeni naye hapo mpaka atakapoanza mwenyewe kuzungumza.

Shangazi